Mwoka keki wa Mpwapwa na watu wanaomhesabia matonge

Wewe unayesoma hapa, umewahi kuvunja mayai kumi na mawili, ukayapiga kwa mwiko mpaka bega likafa ganzi, ukaoka keki ikaumuka na kunukia hadi barabarani, halafu usiionje hata chembe? Huenda umefanya hivyo siku moja, labda ulikuwa umefunga. Dorkasi Ndahani amefanya hivyo kwa miaka miwili.

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya Jumamosi, yuko uani kwake mjini Mpwapwa, amechutama mbele ya jiko lake la kuokea. Ni sanduku la bati nene, kimo chake kinafika kiunoni, limeungwa na fundi wa hapahapa. Lina mlango wenye komeo, na masinia mawili ya mkaa: moja chini, moja juu. Anafungua mlango, anaingiza mkono mtupu ndani na kuhesabu kimoyomoyo. Mkono ukiomba kutoka akiwa amefika sita, huo ndio moto wa keki. Ukivumilia hadi kumi, bado. Ukikataa kwenye tatu, huo ni moto wa kuunguza, asubiri upungue.

Leo umekubali kwenye sita. Lakini kabla rojo halijaingia jikoni, lazima lionjwe, na mwonjaji si yeye.

Mwonjaji ni jirani yake, Tabu Malogo, muuza mboga, anayekuja amejifunga kanga kifuani na kidole kiko tayari.

"Ongeza sukari kidogo," anasema Tabu, akilamba kidole.

"Kila siku unaniambia niongeze sukari."

"Na kila siku inapungua."

"Tabu, wewe hata chai ya msibani ulisema haina sukari."

"Haikuwa nayo, Mama Hilda. Niusingizie msiba?"

Dorkasi haongezi. Ameshapima vikombe vyake vitatu kama anavyopima siku zote, na keki hii ni ya kipaimara cha kesho, si ya ulimi wa Tabu. Anamimina rojo kwenye chombo, anakigonga mara mbili mezani ili mapovu yatoke, anakisukuma ndani na kufunga komeo. Kisha anajipangusa unga mikononi na kutazama geti.

Saa tatu, binti yake Hilda anakuja kulichukua jiko hili.

"Kuna mtu kule Dodoma ameshalipenda," anasema Dorkasi, bila kupandisha sauti. "Nami nimeahidi. Kwa hiyo hii ndiyo keki ya mwisho, labda."

Dorkasi ana umri wa miaka sitini na mitatu. Alizaliwa jirani na Gulwe, akasoma mpaka darasa la saba, akaolewa na Daudi, mfanyakazi wa reli. Kuoka alijifunza alipokuwa msaidizi wa jikoni katika chuo kimoja cha mambo ya mifugo, ambako siagi haikuwa kitu cha kutafuta. Alipunguzwa kazini baada ya miaka kumi na moja, akatoka na vitu viwili: kipimio cha unga kilichopasuka mpini, na ujuzi wa kujua keki imeiva kwa kuisikiliza. Ikiwa mbichi inachemka ndani kwa ndani kama maharage ya mbali. Ikiiva inanyamaza.

Kwa ujuzi huo amesomesha watoto watatu. Keki ya mayai kumi na mawili anaiuza shilingi elfu arobaini na tano, skonzi na vikeki vidogo vinakwenda madukani kila siku, na mwezi wenye sherehe nyingi hubakiwa na laki mbili na nusu. Si utajiri, lakini hajawahi kumpigia mtu simu kuomba pesa ya mkaa.

Miaka miwili iliyopita alianza kuamka kunywa maji mara nne kwa usiku mmoja. Akaenda kliniki, akapimwa, sukari ikasoma kumi na nne. Akapewa vidonge na karatasi yenye picha ya sahani: nusu mboga za majani, robo ugali, robo maharage au samaki au nyama. Akaibandika ukutani, juu ya gunia la unga.

Hilda, ambaye ni karani katika ofisi moja jijini Dodoma, huuita mpangilio huo dayati. Dorkasi anasema mpangilio wenyewe haukumsumbua hata kidogo.

"Mimi ni Mgogo," anasema. "Mlenda wa karanga nimeula toka sina meno. Ugali wa uwele nimeula. Waliponiambia nile mboga nyingi niliona wananiambia nirudi nyumbani kwa mama yangu. Shida haikuwa sahani. Shida ni watu waliokuja kusimama juu ya sahani."

Maana habari za sukari yake zilitembea mji mzima kabla yeye hajamaliza vidonge vya wiki ya kwanza. Chai ikigawiwa baada ya ibada, mgawaji humruka na kutangaza: "Huyu asipewe andazi, ana sukari." Dukani anakonunua sukari ya kazi yake, kilo kumi kwa wakati mmoja, muuzaji huiweka kwenye mizani huku akimtazama kama anayemuuzia sumu.

Kilichomfika shingoni hasa ni sendofu moja ya mwaka jana, sherehe ya kumuaga binti kabla ya ndoa. Keki aliipamba yeye, ghorofa tatu, siku mbili nzima hajakaa. Ukafika wakati wa bibi harusi kuwalisha keki wazazi na wazee, na bibi harusi, binti mwenye adabu, akaja na kipande kumlisha aliyeioka. Mshereheshaji akakamata kipaza sauti.

"Jamani, mama yetu ana sukari, apewe maji. Tumpigie makofi anywe maji yake."

Watu mia tatu wakapiga makofi.

"Nimezaa, nimezika, nimesomesha," anasema Dorkasi. "Sijawahi kupigiwa makofi kwa lolote kati ya hayo. Nimepigiwa makofi kwa kunywa maji."

Hata hivyo alitii. Hakuonja keki, hakulamba mwiko. Ndipo Tabu alipopewa kazi ya kuonja, na aliyempa kazi hiyo ni Hilda. Tabu mwenyewe hakatai kwamba kazi zilikuwa mbili.

"Aliniambia, Shangazi Tabu, onja halafu uchungulie," anasema. "Nimechungulia miaka miwili. Sijaona kitu. Nami nikamwambia Hilda, mama yako haibi keki. Akasema, chungulia vizuri."

Hilda alikuwa na sababu ya kutoamini. Mwaka jana kipimo kilishuka mpaka tisa, lakini mwaka huu kikaanza kupanda. Februari, kumi na nusu. Aprili, kumi na mbili. Kila jioni simu ikawa inaita saa moja kamili: Mama umekula nini, kiasi gani, nani alikuwepo. Dorkasi akijibu mlenda, swali linarudiwa upya.

"Kesi ya wizi ina nafuu," anasema. "Mwizi wanamwuliza mara moja tu."

Mwezi Juni Hilda akaja na kauli. Kipimo kinachofuata kikizidi kumi, jiko linaondoka. Dorkasi, ambaye alijua hajala keki na kwa hiyo hakuwa na cha kuogopa, akasema sawa.

Kipimo hicho kilikuwa juzi, Alhamisi. Hilda aliomba ruhusa kazini, akamsindikiza mwenyewe, wakakaa kwenye benchi wakingoja zamu. Kikasoma kumi na tatu na pointi nne.

Hilda akafumba macho. Dorkasi akatazama kidole chake kilichochomwa, kama ndicho kilichomsaliti.

Muuguzi aliyekuwa zamu, Sista Josephine, hakugomba. Alivuta kiti akaketi, akamwambia mama amsimulie siku yake, kuanzia anapofungua macho, asiache kitu.

"Naamka, nasali, nawasha mkaa," akaanza Dorkasi. "Nakunywa uji."

"Uji gani, mama?"

"Wa lishe. Uwele, mtama, soya na karanga."

"Kikombe kipi?"

Dorkasi akaonyesha kwa mikono. Sista akamwomba aonyeshe tena. Kilikuwa kile kikombe kikubwa cha plastiki, cha nusu lita, ambacho wengine hutumia kuchotea maji ya kuoga.

"Na unaweka nini ndani ya uji?"

"Siweki sukari. Sukari nimeacha kabisa. Naweka asali."

"Kiasi gani?"

"Vijiko viwili vya chakula. Asubuhi viwili, na jioni nikinywa tena, viwili."

Sista Josephine akaweka kalamu chini. "Asali hiyo unaipata wapi?"

Dorkasi aligeuka taratibu akamtazama binti yake.

Hilda ndiye aliyeanza mwezi Januari kumletea, dumu la lita tano kutoka Busi, kila baada ya miezi mitatu hivi. Ndiye aliyemkorogea kikombe cha kwanza kwa mkono wake na kumwambia sukari ya dukani ndiyo mbaya, asali ni dawa, mpaka vitabu vitakatifu vinaisifu. Na katika simu zote za saa moja jioni hakuwahi kuuliza habari za uji, kwa kuwa uji na asali havikuwa kwenye orodha ya washukiwa.

"Asali inaingia mwilini kwa njia ileile ya sukari," Sista akawaambia. "Nyuki hakuondoa kitu. Na uji mzito nusu lita ni sawa na ugali, ila hukuuhesabu kwa sababu unaunywa. Asali uiache, kikombe ukipunguze kiwe kidogo, vidonge usiruke, na uji uuandamanishe na yai au maharage. Rudi baada ya wiki nne." Kisha akauliza, "Na keki unakula kiasi gani?"

"Sijaonja keki miaka miwili."

"Nani alikukataza kabisa?"

"Wote."

Sista akacheka kidogo, akajizuia. Akamwambia kwamba kipimo kikishatulia, kipande chembamba siku moja moja, baada ya chakula chenye mboga, na ugali wa siku hiyo ukipunguzwa, ni jambo la kupanga, si la kuogopa.

Mtu angedhani mambo yangeishia hapo. Njiani kurudi, Dorkasi alishafikiria jinsi atakavyocheka na Tabu. Lakini Hilda alipanda basi la Dodoma, na jioni, saa moja kamili, simu ikaita.

"Mama, asali tumeiondoa. Sasa tuondoe na jiko, tuwe salama."

"Jiko limefanya nini, Hilda?"

"Ulikubali, kipimo kikizidi kumi linaondoka. Kimezidi."

Neno ni neno. Dorkasi aliwalea watoto wake kwa kuwaambia hivyo, na sasa limemrudia.

Saa tatu na dakika chache pikapu nyeupe inasimama getini. Anayeendesha ni Hasani, mfanyabiashara wa Busi, ambaye huzunguka minadani na uwele, karanga na ile asali yenyewe. Anashuka na kamba mbili begani. Hilda anashuka upande wa pili na mkoba wake wa ofisini.

"Shikamoo mama," anasema Hasani.

"Marahaba. Leo umeleta dumu?"

"Mama, nisamehe. Mimi nauza asali, siuzi ushauri. Mteja akisema ni dawa, nitambishia?"

Anakwenda moja kwa moja kwenye jiko, anashika ukingo ili apime uzito, na mkono unaruka wenyewe.

"Lina moto hili."

"Lina keki," anasema Dorkasi.

"Itatoka saa ngapi?"

"Ikinyamaza."

Hilda anaweka mkoba chini. "Mama, ulijua tunakuja saa tatu."

"Nilijua. Niliahidi jiko, Hilda. Sikuahidi jiko la baridi."

Hasani anajipuliza kiganja, anatafuta kreti, anaigeuza na kukaa. Tabu, aliyekwisha kusogeza kigoda chake karibu ili asikose, anasema jiko la namna hii linachukua saa mbili kupoa, na ukilimwagia maji bati linapinda, na mnunuzi wa Dodoma hatataka jiko lililopinda. Hakuna aliyemwuliza.

Basi wanangoja. Dorkasi anakunywa uji wake, kikombe kidogo cha chai, na yai la kuchemsha pembeni. Hilda anainama kidogo kuchungulia ndani ya kikombe.

"Huna haja ya kuchungulia," anasema mama yake. "Ukitaka nitakumiminia nusu, uhakikishe kwa mdomo."

Kwa kuwa wamekaa, na hakuna wa kukimbia, Dorkasi anaeleza alichokuwa anapanga kufanya kama jiko lingebaki. Vikeki vidogo vya uwele na karanga, vyenye zabibu alizokausha mwenyewe kwenye ungo, sukari nusu ya kawaida, vya ukubwa wa kutoshea kwenye kiganja cha mtoto. Wagonjwa wenzake wa kliniki humwuliza kila mara kama kuna keki wanayoweza kula.

"Sitawaambia havina sukari," anasema. "Zabibu ni sukari. Nitawaambia ni kimoja, na ni kwa siku. Wenye akili watanielewa."

"Ndivyo alivyokuwa anasema Baba," anasema Hilda. "Kimoja tu. Kipande kimoja hakiui mtu."

Daudi alikufa miaka sita iliyopita kwa sukari, baada ya kukatwa mguu, na aliyekuwa akikisafisha kidonda chake kila asubuhi ni Hilda, wakati huo akiwa na miaka ishirini na minne. Tabu analitazama tita la kuni. Hasani anaanza kukunja kamba ambayo haikuhitaji kukunjwa.

"Baba naye nilimkorogea asali," anasema Hilda. Anasema akitazama chini. "Kila siku, Mama. Mpaka wiki ya mwisho. Tangu Alhamisi sijalala. Kama si keki zilizomuua, basi ni mimi."

Dorkasi anaweka kikombe chini. Kwa siku mbili amekasirika kwa ajili ya jiko lake, na binti yake, na makofi ya sendofu. Hakujua mtoto amebeba kitu hiki kutoka Dodoma mpaka hapa.

"Baba yako alipata kidonda cha msumari kule Gulwe," anasema. "Akakificha miezi minne ndani ya buti la reli, kwa kuogopa kupunguzwa kazini. Nilikiona siku buti lilipokataa kuvulika. Wewe ulikuwa bado uko chuoni. Wakati unaanza kukoroga hiyo asali, mguu ulikuwa umekwisha kwenda. Hukumuua wewe. Wala keki haikumuua. Alimalizwa na ukaidi, na mimi nilimpenda na ukaidi wake."

Hilda analia kama watu wazima wanavyolia mbele za watu, mabega tu yakitikisika. Tabu anataka kusema neno, Dorkasi anamtazama, Tabu analimeza.

Kisha Dorkasi anainua kidole. Ndani ya bati kumenyamaza.

Anafungua komeo kwa kitambaa, anavuta chombo, anakiweka mezani. Keki imepanda sawasawa, rangi yake kama udongo wa Kongwa baada ya mvua, haina ufa hata mmoja.

"Haya," anasema Hasani hatimaye, akisimama na kamba zake. "Lipoe nilipakie, au niende mnadani kabla hapajajaa?"

Anayejibu ni Hilda. "Nenda mnadani."

Hasani anaaga, pikapu inaondoka. Hilda anajifuta uso kwa kiganja, anavuta kile kigoda cha Tabu bila kuomba, anakaa karibu na magoti ya mama yake. Miaka miwili amemwuliza amekula nini, kiasi gani, mbele ya nani. Leo anamwuliza swali jingine.

"Mama, wewe mwenyewe unataka nini?"

Dorkasi anapangusa kisu, anakilaza mezani kando ya keki ya watu, ambayo haitakatwa leo.

"Nataka jiko langu likae pale lilipo," anasema. "Na kipimo kikishatulia, Jumapili moja, nikishakula mlenda na maharage yangu, nataka kipande cha keki yangu mwenyewe, upana wa vidole viwili, kwenye sahani ya udongo, nimekaa kitini kama mtu. Na wewe uwe na chako. Ule unitazame usoni, usinitazame mkononi."